Binti Haulizwi Hedhi Yake Mpaka Akose Mtoto

Shingo ya msichana wa miaka 14 ikianza kuwa nyeusi, mama huchukua dodoki. Husugua kwa sabuni, siku nyingine kwa jiwe la kusugulia miguu, na weusi hautoki. Shuleni wenzake wanamwita mchafu. Baadaye, akishaijua njia ya duka la vipodozi, atanunua mkorogo na kuupaka shingoni na usoni penye chunusi. Ngozi itababuka na weusi utabaki palepale. Hakuna aliyemwambia kwamba ule haukuwa uchafu. Weusi mlaini kama mahameli unaotokea kwenye mikunjo ya shingo, kwapani na mapajani mara nyingi ni alama ya jambo lililo ndani: insulini imezidi kwenye damu, na insulini iliyozidi huzifanya seli za ngozi zizaliane kwa kasi.

Kwa wasichana kadhaa, shingo hiyo hufuatana na mambo mengine ambayo nyumbani hayasemwi. Hedhi inakuja Januari, haionekani tena mpaka Mei. Nywele ngumu zinaota kidevuni, kifuani na chini ya kitovu. Chunusi zinagoma kuondoka hata baada ya ujana kupita. Kila dalili inapewa maelezo yake: hedhi ni mambo ya umri, ndevu ni za ukoo kwa kuwa hata shangazi yake anazo, unene ni kwa sababu anapenda kula. Zikiwekwa zote pamoja mbele ya mtaalamu, mara nyingi huwa ni hali moja. Madaktari huiita PCOS. Kwa lugha ya hospitali zetu utasikia ikitajwa kama vivimbe vingi kwenye ovari, na mtaani watu husema homoni zimevurugika.

Si hali ya wachache. Inakadiriwa kwamba duniani kote inampata takriban mwanamke 1 katika kila 10 walio katika umri wa kuzaa, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hadi asilimia 70 ya walio nayo hawajui kwamba wanayo. Kwetu sisi, naamini sababu kubwa ya kutojua huko ni mazoea: hedhi ya mwanamke haimhusu mtu yeyote mpaka pale anapochelewa kushika mimba. Binti anaweza kukosa siku zake miezi minne mfululizo akiwa kidato cha tatu na hakuna atakayeshtuka, isipokuwa kwa hofu kwamba ana mimba. Ikithibitika hana mimba, nyumba nzima inapumua na suala linafungwa. Miaka kumi baadaye, akiwa ameolewa na mawifi wameanza kuuliza, ndipo hedhi ile ile inageuka kuwa msiba wa ukoo.

Tuangalie kwanza kinachotokea mwilini, kwa sababu uvumi mwingi unazaliwa hapa. Kila mwanamke ana kiasi kidogo cha homoni ambazo tumezoea kuziita za kiume, testosteroni ikiwa mojawapo. Hutengenezwa na ovari, na pia na tezi zilizo juu ya figo. Mwenye PCOS anazo nyingi kuliko kawaida, na kwa wengi kinachozichochea ni insulini. Kazi ya insulini ni kuiwezesha sukari ya kwenye damu kuingia katika seli. Seli zikiwa sugu, kongosho hulazimika kumwaga insulini nyingi zaidi ili kazi ifanyike. Ile ya ziada ikifika kwenye ovari, inazisukuma zitengeneze testosteroni. Ikifika kwenye ini, inapunguza protini inayoishika testosteroni isizunguke mwilini ikiwa huru. Hapo ndipo ndevu zinapoota, chunusi zinapochachamaa, na nywele za utosini zinapopungua, jambo ambalo wengi wetu huwalaumu wasusi kwalo.

Ndani ya ovari zenyewe, vijifuko vya mayai huanza kukua kama kawaida lakini havifiki mwisho. Vinadumaa vikiwa na milimita chache na kujikusanya. Yai halikomai, halitoki, na yai lisipotoka hedhi inakosa ratiba.

Vijifuko hivyo vilivyodumaa ndivyo altrasaundi inavyovionyesha na ndivyo vinavyoitwa vivimbe. Mwanamke anatoka kwenye kipimo na karatasi iliyoandikwa vivimbe vingi, pande zote mbili, anafika nyumbani analia, na ndugu wanaanza kuchangishana pesa za upasuaji. Hakuna cha kukata pale. Si saratani, na si uvimbe wa aina ile inayokua mpaka tumbo likaonekana. Ni mayai yaliyosimama njiani. Laiti kila anayekabidhi karatasi ile angetumia dakika mbili kulieleza hilo, machozi mengi yangeepukwa.

Kisu, ni kweli, kiliwahi kuwa tiba. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika habari za wanawake 7 ambao hedhi zao zilikuwa zimepotea na ovari zao zimekuwa kubwa. Walikata kipande katika kila ovari, hedhi zikarudi, na wawili kati yao wakashika mimba. Kwa miaka mingi hali hii ilijulikana kwa majina ya madaktari hao. Upasuaji ule uliacha makovu yaliyonata kwenye mirija ya baadhi ya wanawake na kuwaongezea matatizo, kwa hiyo dawa zilipopatikana ukawekwa kando. Lakini mtazamo ulibaki: kwamba hili ni tatizo la ovari, na ovari ni suala la kuzaa. Mtazamo huo bado unatutesa.

Siku hizi utambuzi unafuata vigezo vilivyokubaliwa mwaka 2003 katika mkutano wa Rotterdam, Uholanzi, na kuboreshwa katika mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 ulioratibiwa na Chuo Kikuu cha Monash, Australia. Vigezo ni vitatu, na mwanamke akiwa na viwili kati ya hivyo, baada ya magonjwa mengine yanayofanana kuondolewa, inahesabika anayo. Cha kwanza ni hedhi isiyo na mpangilio. Cha pili ni dalili za homoni za kiume kuzidi, iwe zinaonekana kwa macho au kwa kipimo cha damu. Cha tatu ni ovari zenye vijifuko vingi kwenye altrasaundi, au kiwango kikubwa cha homoni inayoitwa AMH kwenye damu.

Msomaji atazame tena vigezo hivyo viwili vya mwanzo. Mwanamke ambaye hedhi yake imevurugika na ana ndevu za kuonekana hahitaji altrasaundi ili ijulikane ana PCOS. Daktari au mganga wa kituo cha afya cha kata anaweza kufika karibu kabisa na jibu kwa kuuliza, kutazama na kuandika. Vipimo vya damu vinavyotakiwa ni vya kuhakikisha tezi ya shingo inafanya kazi vizuri, homoni ya maziwa haijapanda, na kuondoa magonjwa mengine machache yanayojifananisha na hali hii. Kwa wasichana ambao hawajatimiza miaka minane tangu wavunje ungo, mwongozo wa 2023 unasema altrasaundi na AMH zisitumike kabisa kuwapima PCOS, kwa kuwa ovari za msichana mwenye afya njema nazo huwa na vijifuko vingi. Kwa hiyo kisingizio kwamba hili ni gonjwa la hospitali kubwa na mashine za bei hakina nguvu. Tunachokosa ni mtu wa kuuliza.

Na maswali yenyewe ni mepesi. Mwaka wa kwanza baada ya kuvunja ungo, hedhi kuyumba ni kawaida. Kuanzia hapo hadi mwaka wa tatu, mzunguko wa siku 21 hadi 45 hauna neno. Baada ya miaka mitatu tunatarajia siku 21 hadi 35, na mwanamke anayepata hedhi chini ya mara nane kwa mwaka anastahili kuchunguzwa. Msichana aliyefika miaka 15 bila kuona hedhi hata mara moja naye apelekwe hospitali. Pwani tuna desturi ya msichana kukabidhiwa kwa somo au kungwi akishavunja ungo, amfundishe usafi na adabu za kike. Mafunzo yale yangebeba na hesabu hizi, kungwi angekuwa mtu wa kwanza kugundua kwamba mwali wake hana mpangilio. Sioni kwa nini asifanye hivyo. Yeye tayari ndiye anayeambiwa siri ambazo mama haambiwi.

Kinachonitia uchungu zaidi ni jinsi hedhi inayokosekana inavyochukuliwa kuwa nafuu. Wako wanawake wanaosema wana bahati, wanaokoa pesa za pedi. Mwilini mambo ni tofauti. Homoni ya estrojeni huujenga ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi kila siku. Yai likitoka, homoni nyingine, projesteroni, huingia na kuutuliza, kisha ukuta humomonyoka na kutoka kama hedhi. Yai lisipotoka, projesteroni haiji. Ukuta unazidi kujengeka mwezi hadi mwezi bila kusafishwa, na ukuta uliokaa hivyo kwa miaka unaweza kugeuka saratani. Uwezekano wa mtu mmoja mmoja kupata saratani hiyo bado ni mdogo, lakini kwa mwenye PCOS ni mkubwa mara kadhaa kuliko kwa mwenzake. Ndiyo maana madaktari hawapendi mwanamke asiyetumia dawa yoyote akae zaidi ya siku 90 bila kupata hedhi. Kupunguza hatari hiyo si kazi kubwa: vidonge vya projesteroni kwa siku 10 hadi 14, kila baada ya miezi miwili au mitatu, huifanya hedhi ije na ukuta usafishike.

Niseme jambo moja kwa akina mama wanaotumia sindano ya miezi mitatu au kijiti. Hedhi inayopotea kwa sababu ya njia hizo haina uhusiano na hili. Dawa zile ni za jamii ya projesteroni na huuacha ukuta ukiwa mwembamba. Hakuna kilichojazana ndani, na hakuna uchafu unaosubiri kutolewa.

Hapo kwenye uchafu ndipo wafanyabiashara wanapovuna. Pita stendi yoyote kubwa ya mabasi, fungua simu, sikiliza vipaza sauti vya minadani: dawa ya kusafisha kizazi, ya kuzibua mirija, ya kuyeyusha uvimbe, ya kurudisha homoni ndani ya siku saba. Baadhi ni za kunywa, nyingine za kupachika ukeni, na hizo za kupachika huweza kuunguza na kuleta maambukizi yanayoziba mirija iliyokuwa mizima. PCOS haiozeshi kizazi wala haizibi mirija. Anayemuuzia mwanamke mwenye PCOS dawa ya kuzibua mirija anamtibu ugonjwa ambao hana. Wengine wanapelekwa kutolewa jini mahaba anayedaiwa kuwaonea wivu waume zao. Siwadharau wanaokwenda huko, kwani mtu aliyekaa miaka na swali lisilojibiwa atakwenda popote penye jibu. Lawama iko kwetu tulioacha swali lile likae.

Tiba iliyothibitishwa kwa ajili ya hedhi na ndevu inapatikana katika maduka mengi ya dawa, na jina lake ndilo linaloikwamisha. Ni vidonge vya majira. Vina estrojeni na projesteroni pamoja. Hurekebisha hedhi, hulinda ukuta wa mfuko wa uzazi na kupunguza testosteroni iliyo huru. Daktari akimwandikia msichana wa miaka 17 ambaye hajaolewa, mama anarudi nyumbani na hasira: mwanangu ameambiwa atumie uzazi wa mpango! Kisha inaongezwa kwamba vitamfanya mgumba. Havimfanyi. Akiviacha, mwili unarudi katika hali yake ya awali, na ikiwa hali hiyo ya awali ilikuwa PCOS, hedhi itavurugika tena, na vidonge vitabeba lawama isiyo yao. Wapo wasiofaa kupewa, kama wenye shinikizo la juu la damu, waliowahi kuganda damu mishipani, na wanaougua kipandauso kinachoanza kwa kuona vimulimuli. Hilo ni la kupimwa kabla ya kuanza. Nywele huchukua angalau miezi sita kuonyesha mabadiliko, kwa hiyo anayetarajia kidevu kiwe laini baada ya mwezi atakata tamaa bure. Wakati akisubiri, anaweza kunyoa. Wembe haufanyi nywele ziwe nene. Huo ni uvumi tu.

Metformini, dawa ambayo wagonjwa wengi wa kisukari wanaijua, nayo hutumika kupunguza usugu kwa insulini. Mwanzoni hukoroga tumbo, ndiyo maana huanzwa kwa kiasi kidogo na kumezwa pamoja na chakula. Kuna onyo ambalo wengi hawapewi: mwenye PCOS anayeanza metformini au anayepungua uzito anaweza kuanza kutoa mayai ghafla. Aliyejizoesha kuamini kwamba hashiki mimba hujikuta nayo bila kuipanga.

Sasa tuje kwenye mtoto, maana najua ndilo swali la wengi waliofika hadi hapa. Mwanamke mwenye PCOS si tasa. Mayai anayo. Kinachotakiwa ni kulisaidia moja likomae na kutoka, na wengi hufanikiwa, wengine bila dawa yoyote. Kwa anayehitaji msaada, dawa inayopendekezwa kwanza ni letrozoli, inayomezwa kwa siku tano mwanzoni mwa mzunguko. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 kwa wanawake 750 ulionyesha kwamba waliopewa letrozoli walijifungua watoto hai kwa asilimia 27.5, wakati waliopewa klomifeni iliyokuwa ikitumika tangu zamani ni asilimia 19.1. Letrozoli ilitengenezwa kwa ajili ya saratani ya matiti, na mwanamke anayesoma karatasi ya ndani ya boksi huingiwa na hofu kwamba ana saratani ambayo daktari amemficha. Hapana. Dawa moja inaweza kuwa na kazi mbili.

Kabla ya kidonge cha kwanza, mume apimwe mbegu. Hili si la kuombwa kwa unyenyekevu. WHO ilitangaza mwaka 2023 kwamba mtu mzima 1 katika kila 6 hukumbana na ugumba katika maisha yake, na sehemu kubwa ya chanzo iko kwa wanaume. Kumpa mwanamke dawa mzunguko baada ya mzunguko wakati mume hajapimwa ni kumchosha tu. Na mama mkwe anayemwambia mwanawe aoe mwingine ajue kwamba tatizo linaweza kuhamia nyumba ya pili pamoja na mwanawe.

Mtoto akipatikana, watu hushangilia na faili hufungwa. Kosa lile lile linarudiwa. Usugu kwa insulini hauishi leba. Wakati wa ujauzito mwenye PCOS yuko katika hatari zaidi ya kupata kisukari cha mimba na kifafa cha mimba, kwa hiyo kliniki inapaswa kuijua hali yake tangu hudhurio la kwanza. Baada ya hapo, na hata kama hakuzaa, kisukari cha aina ya pili kinamvizia mapema kuliko wenzake, na shinikizo la damu na mafuta kwenye mishipa vinakwenda njia hiyo hiyo. Kipimo kinachofaa zaidi kwake ni kile cha kunywa glukosi gramu 75 na kupimwa tena baada ya saa mbili, kwa sababu sukari ya asubuhi peke yake inaweza kuonekana nzuri huku tatizo likiendelea. Kirudiwe kila mwaka mmoja hadi mitatu. Mama mwenye watoto watatu anaweza kuwa na PCOS. Mama wa miaka 50 aliyekoma hedhi naye bado anabeba sehemu ya hali hiyo.

Kuhusu chakula nitasema machache, kwani wenye PCOS wanasimangwa vya kutosha. Hakuna mlo maalumu uliothibitika kuishinda milo mingine. Dona badala ya sembe, maharage, kunde na mbaazi kwa wingi, mchicha na matembele, dagaa, chai yenye sukari kidogo, soda iondoke mezani: hivyo vinatosha, na vingi vinapatikana gengeni. Kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki huzifanya seli ziikubali insulini hata kabla mizani haijasogea. Kwa mwenye uzito mkubwa, kupungua asilimia 5 tu kunaweza kurudisha hedhi. Lakini wapo wembamba wenye PCOS, na wapo wanene wasio nayo, na insulini nyingi yenyewe huufanya mwili ung'ang'anie mafuta. Daktari anayemaliza mashauriano kwa maneno mawili, "punguza unene", hajamtibu mtu.

Kuna na moyo. Mwongozo wa 2023 unataka kila mwenye PCOS aulizwe kuhusu sonona na wasiwasi, kwa sababu vinawapata zaidi kuliko wanawake wengine. Fikiria mwanamke anayeamka kabla ya mumewe kila siku ili anyoe kidevu gizani. Fikiria anayekwepa kitchen party za rafiki zake kwa kuogopa swali moja. Wengi wa hawa hawajawahi kuulizwa na yeyote, hospitalini wala nyumbani, wanalalaje na wanaamkaje.

Wizara za afya zinaweza kuongeza swali la hedhi kwenye ziara za afya shuleni bila kununua mashine hata moja. Bima zinaweza kuacha kuziona dawa za PCOS kuwa dawa za kutafuta mtoto. Hayo tuendelee kuyadai. Wewe mama, shangazi au dada mkubwa unayesoma gazeti hili wikiendi hii, muulize binti wa nyumbani kwako mara ya mwisho aliona siku zake lini. Mpe daftari au kalenda aandike tarehe kwa miezi sita. Kama amevunja ungo zaidi ya miaka mitatu na tarehe zinaachana zaidi ya siku 35, au shingo yake ina weusi usiotoka, mpeleke kituo cha afya na daftari lile mkononi, na uingie naye kwa daktari.